Pikipiki, Mzigo na Mlima: Uthabiti Hauji kwa Bahati

Siku ya soko la Tengeru, tangu alfajiri, njia zinazoteremka kutoka ubavu wa kusini wa Mlima Meru hujaa pikipiki. Kutoka Poli, Nkoaranga, Nkoanrua na Akheri hushuka mikungu ya ndizi, madumu ya maziwa na magunia ya viazi. Jioni safari hugeuka. Mitungi ya gesi, mifuko ya saruji, kreti za soda na matita ya majani ya ng'ombe hupanda kwenda kule kule ndizi zilikotoka. Juu ya mji wa Arusha, kuelekea Ilboru na Sekei, na upande wa magharibi kuelekea Ngaramtoni, mambo ni yale yale.

Mara kwa mara mmoja wa wasafiri hao huanguka. Walio karibu hukusanyika, humwinua, huokota ndizi zilizotawanyika, na kila mmoja hutoa hukumu yake. Huyu husema ni mwendo wa kasi; yule husema ni uzembe wa vijana; wa tatu husema ni bahati mbaya. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: mzigo ulikuwa umekaa wapi?

Swali hilo ni la fizikia, na jibu lake limo katika somo ambalo kila mwanafunzi wa sekondari hulipitia. Hoja ya makala haya ni kwamba uthabiti wa pikipiki iliyopakiwa hautegemei ukubwa wa injini wala ushujaa wa dereva kama inavyodhaniwa. Hutegemea zaidi mahali ulipowekwa mzigo na hali ya vipuri vichache vya bei ndogo. Kwa kuwa jambo hili hupimika na kufundishika, shule hazina sababu ya kuliacha lifundishwe na ajali.

Chombo chepesi kilichofanywa kizito

Katika nchi tajiri, pikipiki nzito ya safari ndefu ni chombo kilichoundwa kiwe kizito tangu mwanzo. Honda Gold Wing, iliyoanza kuuzwa mwaka 1975, katika matoleo yake ya karibuni hupita kilo 350 kabla mtu hajaipanda. Masanduku yake ya mizigo yako ubavuni, chini, karibu na gurudumu la nyuma. Fremu yake, springi zake na matairi yake vilikokotolewa kwa ajili ya uzito huo. Hata hivyo, wahandisi wa viwanda vikubwa walihangaika kwa miaka mingi kuzuia pikipiki za namna hiyo zisiyumbe ziendapo kasi zikiwa zimejaa mizigo.

Arusha pikipiki nzito hupatikana kwa njia nyingine. Huchukuliwa pikipiki nyepesi, yenye injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150 na uzito wa kilo 110 hadi 125 hivi, kisha hupakiwa hadi iwe nzito. Tangu mwaka 2010, zilipotolewa kanuni za kuzipa leseni pikipiki za kubeba abiria, bodaboda imekuwa usafiri wa kila siku mijini na vijijini. Fundi wa mtaani huongeza keria ya chuma nyuma ya kiti, na kuanzia hapo chombo kilichobuniwa kwa ajili ya watu wawili huwa lori dogo. Kiwanda kiliweka kikomo cha mzigo wote, dereva akiwa ndani yake. Kwa pikipiki nyingi za aina hii kikomo hicho ni kilo 130 hivi. Lakini kitabu chenye habari hiyo mara nyingi hubaki dukani au kabatini, nacho hakikuandikwa kwa Kiswahili.

Kwa hiyo tatizo lililowasumbua wahandisi wa pikipiki kubwa ndilo linalomkabili kijana wa Nkoaranga, ila yeye hana maabara ya kumsaidia. Ana mpira wa kufungia mzigo, keria iliyochomelewa, na mlima.

Ni nini huizuia pikipiki isianguke?

Pikipiki iliyosimama huanguka isipoegemezwa. Pikipiki iendayo hujisimamia. Jambo hili linaonekana jepesi, lakini limewashughulisha wanasayansi kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1899 Mwingereza Francis Whipple alitoa milinganyo ya mwendo wa baisikeli, na mwaka huo huo Mfaransa Emmanuel Carvallo alifikia matokeo yanayofanana na hayo. Kwa muda mrefu walimu wengi walieleza kwamba gurudumu linalozunguka hufanya kazi kama pia: kadiri lizungukavyo kwa kasi ndivyo linavyokataa kuinamishwa. Maelezo hayo yana ukweli, lakini hayatoshi. Mwaka 1970 Mwingereza David Jones alieleza jinsi alivyofunga gurudumu la ziada lililozunguka kinyumenyume ili kuondoa nguvu hiyo ya pia, na baisikeli yake bado iliendesheka.

Jones alisisitiza jambo la pili, ambalo mwanafunzi aweza kuliona kwenye magurudumu madogo ya kitanda cha hospitali. Gurudumu la kitanda hicho haligusi sakafu moja kwa moja chini ya mhimili wake. Hugusa nyuma kidogo, na kwa hiyo likisukumwa hujiweka sawa lenyewe. Uma wa mbele wa pikipiki nao umelazwa ili mstari wa mhimili wa usukani, ukirefushwa hadi ardhini, uguse mbele ya mahali tairi linapokanyaga. Umbali kati ya sehemu hizo mbili, ambao kwa kawaida ni sentimita 8 hadi 11 hivi, hulifanya gurudumu la mbele likokotwe nyuma ya mhimili wake. Pikipiki ikiinama kushoto, usukani hugeuka kidogo kushoto, magurudumu hurudi chini ya kitovu cha uzito, na chombo husimama tena. Hivyo basi pikipiki haikai wima kwa kutulia. Hukaa wima kwa kujisahihisha bila kukoma.

Mwaka 2011 kikundi cha watafiti wa Uholanzi na Marekani kilionyesha kwa chombo maalumu kwamba hata bila nguvu ya pia, na bila ule mkokoto wa gurudumu la mbele, baisikeli yaweza kujisimamia iwapo uzito umepangwa ipasavyo. Kwa mwalimu wa Arusha funzo la utafiti huo ni kubwa. Mpangilio wa uzito haupaswi kuhesabiwa miongoni mwa mambo madogo. Umo katika kiini cha uthabiti wenyewe.

Ni kweli pia kwamba mpangilio mbaya huzaa mitikisiko. Mwaka 1971 mhandisi Mwingereza Robin Sharp alichambua kihisabati namna pikipiki inavyopoteza uthabiti. Miongoni mwa mitikisiko aliyoieleza, miwili yafaa kujulikana na kila dereva. Wa kwanza ni kutikisika kwa usukani peke yake, mara 6 hadi 10 hivi kwa sekunde. Wa pili ni kuyumba kwa chombo chote, kama nyoka apitavyo mchangani, mara 2 hadi 4 kwa sekunde. Huu wa pili hukua zaidi mwendo uwapo wa kasi na mzigo uwapo nyuma sana. Dereva wa barabara ya lami kati ya Usa River na Arusha anayehisi mkia wa pikipiki "ukicheza" amekutana na jambo lenye milinganyo yake. Dawa yake si kufunga breki kwa ghafula, wala kuongeza mafuta, wala kuung'ang'ania usukani. Dereva apaswa kupunguza mafuta polepole, ashike usukani kwa uthabiti bila kukakamaa, na aache mwendo ushuke wenyewe.

Hesabu ya mikungu miwili

Mfano mmoja watosha kuonyesha nguvu ya mpangilio. Na ichukuliwe pikipiki ya kilo 115, ambayo kutoka ekseli ya nyuma hadi ekseli ya mbele ni mita 1.25, na kitovu chake cha uzito kiko mita 0.60 mbele ya ekseli ya nyuma. Dereva ana kilo 65, na uzito wake waangukia mita 0.40 mbele ya ekseli hiyo. Kwa usahihi wa kifizikia uzito hupimwa kwa nyutoni, lakini kwa kuwa kila kipimo kingezidishwa kwa 9.8 hiyo hiyo, kilo zatosha kwa kulinganisha.

Momenti zikichukuliwa kuzunguka ekseli ya nyuma, pikipiki hutoa 115 × 0.60 = 69, na dereva 65 × 0.40 = 26. Jumla ni 95, na ikigawanywa kwa 1.25 hupatikana kilo 76. Huo ndio uzito unaokanyagwa na gurudumu la mbele, yaani asilimia 42 ya kilo 180 zote.

Sasa na iongezwe mikungu miwili ya ndizi yenye kilo 60, ifungwe kwenye keria, sentimita 20 nyuma ya ekseli. Momenti yake ni 60 × 0.20 = 12, na kwa kuwa iko upande wa pili wa ekseli, hutolewa. Zinabaki 83, na gurudumu la mbele hubeba kilo 66.4 tu. Jambo hili lastahili kutafakariwa: chombo kimeongezewa kilo 60, lakini gurudumu linaloongoza safari limepungukiwa na kilo karibu 10. Sehemu yake imeshuka kutoka asilimia 42 hadi asilimia 28.

Mikungu hiyo hiyo ikisogezwa mbele, uzito wake ukawa sentimita 20 mbele ya ekseli, momenti hujumlishwa badala ya kutolewa. Zinapatikana 107, na gurudumu la mbele hubeba kilo 85.6, ambazo ni asilimia 36. Kwa kusogeza mzigo sentimita 40, bila kuongeza wala kupunguza hata ndizi moja, gurudumu la mbele limepata kilo 19 zaidi.

Mlima huongeza makali ya hesabu

Hesabu iliyotangulia ilifanywa kwenye uwanja tambarare. Arusha yenyewe iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Meru hupita mita 4,500. Vijiji vilivyo kati hukaa kwenye vilima na mabonde yaliyochimbwa na mito itokayo mlimani. Njia inayopanda mita 15 kwa kila mita 100 si ajabu huko.

Kwenye mwinuko, kimo cha mzigo nacho huingia katika hesabu. Mikungu ikiwa imerundikwa juu ya keria, kitovu cha uzito cha vyote pamoja huwa kwenye kimo cha mita 0.77 hivi. Ikiwa imening'inizwa pande mbili, chini ya usawa wa kiti, kimo hicho hushuka hadi mita 0.66. Katika mwinuko uliotajwa, mzigo uliowekwa juu na nyuma hulibakizia gurudumu la mbele kilo 44 tu. Mzigo uliowekwa chini na mbele hulibakizia kilo 66. Dereva ni yule yule, na pikipiki, ndizi na mlima ni vile vile. Lakini gurudumu la mbele katika hali ya pili hukanyaga kwa nguvu iliyozidi ile ya kwanza kwa nusu yake.

Gurudumu lenye kilo 44 huelea. Usukani huwa mwepesi mkononi, na dereva asiyejua huufurahia wepesi huo. Likigonga jiwe au mfereji uliochimbwa na maji, hurushwa kando kwa urahisi. Wakati wa masika, udongo wa volkano wa mlima huo ukilowa na kuteleza kama sabuni, gurudumu la namna hiyo hugeuzwa bila chombo kugeuka. Dereva huongeza mafuta ili asikwame, gurudumu la nyuma husukuma kwa ghafula, na la mbele huinuka. Watazamaji husema kijana alikuwa na haraka, na hakuna atajaye keria.

Wakati wa kushuka, mambo hugeuka. Pikipiki hiyo hiyo yenye mzigo wa juu, ikipunguza mwendo kwa kiasi cha wastani kwenye mteremko ule ule, huhamishia uzito mbele: gurudumu la mbele hubeba kilo 132 na la nyuma 105. Dereva wengi wamefundishwa vijiweni kwamba breki ya mbele ni hatari, hivyo hutumia ya nyuma peke yake. Kwa kufanya hivyo hutegemea gurudumu ambalo wakati huo limebeba uzito mdogo zaidi. Kanuni ya busara ni kuzitumia zote mbili, taratibu, pikipiki ikiwa imenyooka, na kuanza kupunguza mwendo kabla ya kona. Kwenye vumbi na changarawe ya mbele hukazwa kwa upole zaidi, lakini haiachwi.

Mwanafunzi makini aweza kuleta pingamizi hapa. Ufagio mrefu husimamishwa juu ya kiganja kwa urahisi kuliko penseli. Je, mzigo wa juu haungefaa zaidi? Pingamizi hili ni zuri na mwalimu asilipuuze. Ni kweli kwamba kitu kirefu huanguka polepole, na dereva hupata nafasi ya kukirekebisha. Lakini anayesimamisha ufagio husogeza kiganja chake apendavyo, upande wowote, papo hapo. Pikipiki ipandayo mlima polepole kwenye tope haina uhuru huo. Njia ni nyembamba, tairi lateleza, na mguu wa dereva ukishuka chini hauwezi kuzuia uzito ulio juu ukishaanza kulala. Aidha, mzigo wa juu ndio unaohamisha uzito mwingi zaidi kila pikipiki ipandapo, ishukapo au ifungapo breki. Katika mazingira ya Meru, chini ni bora.

Vipuri vidogo vinavyosahauliwa

Mpangilio mzuri wa mzigo hauwezi kuiokoa pikipiki iliyolegea. Yapo mambo manne ambayo hayagharimu fedha nyingi, na kila moja laweza kukaguliwa bila kutumia kifaa cha kigeni.

La kwanza ni upepo wa matairi. Katika mfano wa mikungu nyuma ya ekseli, gurudumu la nyuma hubeba kilo 174 hivi, yaani nyutoni 1,700. Tairi likijazwa ratili 32 kwa inchi ya mraba, ambazo ni paskali 220,000 hivi, eneo linalogusa ardhi ni kama sentimita za mraba 77, karibu na ukubwa wa kiganja. Hesabu hii ni ya makadirio, kwa kuwa ugumu wa tairi lenyewe husaidia kubeba, lakini hutoa picha ya kweli. Upepo ukizidishwa mno, kiganja hicho hupungua na tairi hudunda juu ya mawe. Ukipunguzwa mno, kuta za tairi hujikunja, chombo huyumba, na mpira hupata joto. Tairi la nyuma huhitaji upepo zaidi linapobeba mzigo, kwa kipimo kilichotolewa na kiwanda. Kulibonyeza kwa kidole gumba si kipimo.

La pili ni beringi za usukani. Pikipiki ikisimamishwa gurudumu la mbele likiwa hewani, usukani ugeuke laini pande zote mbili bila kukwama katikati. Na uma ukisukumwa mbele na nyuma, usisikike mgongano. Usukani unaokwama katikati humnyima dereva yale masahihisho madogo yanayoisimamisha pikipiki, naye huenda njia nzima akipepesuka bila kujua sababu.

La tatu ni bushi za mkono unaobeba gurudumu la nyuma. Zikiisha, gurudumu hilo hucheza kushoto na kulia, na fremu husukumwa kutoka nyuma kama mkokoteni uliolegea ekseli. Hapo ndipo kule kuyumba kama nyoka hupata mlango. Kukagua ni rahisi: gurudumu hushikwa kwa juu na kuvutwa upande upande. Sambamba na hilo hukaguliwa spoku zilizolegea na ulingano wa gurudumu la nyuma na la mbele baada ya kukaza cheni.

La nne ni shokapu za nyuma. Pikipiki nyingi zina pete yenye ngazi kadhaa chini ya springi, iliyowekwa ili springi ikazwe mzigo unapoongezeka. Pete hiyo mara nyingi hukaa pale ilipowekwa kiwandani hadi chombo kinazeeka. Mkia ukishuka kwa uzito, uma wa mbele hulala zaidi, usukani huwa mzito kugeuka, na taa humulika matawi ya migomba badala ya barabara. Kuigeuza pete ngazi mbili au tatu ni kazi ya dakika 5.

Shogi la punda

Kabla pikipiki hazijafika, mizigo ya nchi hii ilibebwa na punda, na hadi leo katika vijiji vya Waarusha na Wamaasai punda huonekana akibeba maji na nafaka. Hakuna mwenye punda anayerundika mzigo wote juu ya matako ya mnyama wake. Humtandika shogi: mifuko miwili iliyoungana, mmoja kila ubavu, yenye uzito sawa, ikining'inia chini karibu na miguu ya mbele kuliko mkia. Mzigo ukizidi upande mmoja, punda hugoma, na mwenyewe huupanga upya.

Pikipiki haigomi. Hupokea lolote ililowekewa, na kwa upole huo humdanganya mmiliki wake. Hata hivyo, kanuni ya shogi ndiyo ile ile iliyofuatwa na waundaji wa pikipiki kubwa za safari walipoweka masanduku ubavuni. Keria ya Arusha, ambayo mara nyingi hurefushwa kwenda nyuma na juu, imeiacha kanuni ambayo bibi wa Kiarusha huifuata kila aendapo kisimani.

Arusha haina upungufu wa akili za kuirekebisha. Jijini na kandokando yake kuna Chuo cha Ufundi Arusha, kilichoanza mwaka 1978. Kuna TEMDO, yenye kazi ya usanifu wa mitambo. Kuna Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini, CAMARTEC. Na huko Tengeru kuna Taasisi ya Nelson Mandela ya sayansi na teknolojia. Keria ya ubavuni, inayoweza kuchomelewa na fundi wa mtaani kwa mabomba ya kawaida, yenye nafasi ya mkungu mmoja au madumu mawili kila upande, si kazi kubwa kwa taasisi hizo. Itahitaji kupimwa upana wake ili isikwame kwenye njia nyembamba za migombani, na kimo chake ili isikwaruze mawe. Kazi ya namna hii haitampatia mtu umaarufu wa kimataifa, lakini faida yake itaonekana katika kila njia ipandayo mlimani.

Wanaopinga wana sababu

Wapo watakaosema kwamba fizikia haimlipi dereva. Hulipwa kwa safari na kwa gunia, na akikataa gunia la pili mwenzake atalichukua. Hoja hii ni ya kweli na haifai kubezwa. Umaskini ni nguvu isiyoonekana katika mchoro wa momenti, lakini husukuma. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya mapendekezo yaliyotajwa haipunguzi gunia hata moja. Kusogeza mzigo mbele, kuushusha, kukaza pete ya shokapu na kupima upepo hakumnyimi dereva mapato yake. Ila yapasa kusema pia bila kuficha kwamba upo uzito ambao hakuna mpangilio unaoweza kuutiisha. Kuwapakia abiria watatu kwa mtindo uitwao mshikaki, au kuongeza gunia juu ya abiria, ni kuivuka mipaka ya chombo, na hesabu haina msamaha.

Wengine watasema kwamba uzoefu watosha. Uzoefu ni mwalimu mzuri, lakini hufundisha baada ya mtihani, na karo yake hulipwa kwa mifupa. Dereva mzoefu wa njia kavu hana uzoefu wa njia ile ile siku ya mvua ya kwanza.

Wa tatu watalaumu barabara. Nao wana haki: mifereji isiyozibwa na kona zisizo na alama huua. Lakini barabara hutengenezwa kwa bajeti na kwa miaka, na keria hurekebishwa kwa siku moja. Anayengoja la kwanza asiache la pili.

Wajibu wa shule

Katika shule za sekondari mwanafunzi hufundishwa momenti, kitovu cha uzito na msawazo wa kani. Mara nyingi mifano yake ni rula iliyowekwa juu ya kisu na watoto wanaobembea kwenye ubao. Nje ya dirisha la darasa, pikipiki yenye kreti sita za soda yapita. Tena mwanafunzi hujifunza mambo hayo kwa Kiingereza, kisha jioni hurudi kwa kaka yake, dereva wa bodaboda, na huzungumza naye Kiswahili. Elimu iliyoingia kwa lugha moja haitoki kwa lugha nyingine isipofunguliwa mlango. Mwalimu ndiye wa kuufungua, na pikipiki ni ufunguo mzuri.

Jaribio lenyewe ni rahisi. Pikipiki moja iletwe uwanjani, injini ikiwa imezimwa. Gurudumu la mbele liwekwe juu ya mizani ya kupimia watu, na la nyuma juu ya ubao wenye kimo sawa na mizani, ili chombo kisiinamie upande wowote. Wanafunzi wawili waishike wima kwa wepesi bila kuining'inia. Mizani isomwe pikipiki ikiwa tupu, kisha ikiwa na dereva, kisha na madumu mawili ya maji ya lita 20 yaliyofungwa nyuma ya ekseli, kisha madumu hayo hayo yakiwa yamening'inizwa ubavuni mbele ya ekseli. Kila kikundi kikokotoe kwanza, kisha kipime, na kieleze tofauti. Mwishoni waalikwe dereva wa kijiwe kilicho karibu, wasomewe matokeo kwa Kiswahili, na waulizwe wao wanajua nini ambacho hesabu haikukitaja. Watakuwa na mengi ya kusema, na baadhi yake yatastahili kuandikwa ubaoni.

Shule ikifanya hivyo mara moja kwa mwaka, kabla ya masika, itakuwa imetoa mchango ambao hakuna bango la barabarani linaloweza kuutoa. Sehemu kubwa ya vijana wanaomaliza kidato cha nne katika vijiji vya Meru watapanda pikipiki, kama dereva au kama abiria. Wengine watainunua kwa mkopo na kuitegemea kwa chakula cha watoto wao. Ni haki yao kutoka shuleni wakijua kwamba sentimita 40 za kusogeza mzigo zina thamani ya kilo 19 kwenye gurudumu la mbele.

Siku hiyo, mtu akianguka kwenye mteremko wa Poli, huenda mmoja wa watakaokusanyika akatazama keria kwanza, kabla ya kumtazama dereva. Na huenda aliyeuliza asubuhi, wakati wa kufunga mzigo, asianguke kabisa.